Maiti ya Bwana Macho Matatu

Fizi, tarehe 9 mwezi wa saba 1956

Kwa yaya Pulchérie, dada yangu mukubwa, ku Baraka

Yaya,

Tangu Mungu aumbe hii Kongo, hajapatikana maiti muzuri kama mi. Bale balikufa kweli na kuoza kweli habanipati hata kidogo. Muzungu mwenyewe alisema mbele ya bantu: "Anatole, we ulizaliwa maiti." Usishituke, niko muzima, nakula, nanenepa. Ngoja nikuelezee.

Baba alinituma huku juu ya kazi moja, najua. Usianze kunipigia kelele mbele sijamaliza ukurasa wa kwanza. Kupanda mupaka ku kijiji chetu cha zamani mu pori, kufagia kaburi ya mama, kutia unga mu sahani yake na kumwambia: "Mama, binti yako anaolewa na Jacques, muchonga mitumbwi." Bila hiyo Baba hatakutoa, na Jacques atazeeka ku mulango pamoja na mbuzi zake za mahari. Na nani alisimama mbele ya Baba akasema, "Kaburi ya mama naijua hata ukinifunga macho"? Ni mi. Basi tulia.

Sasa sikia. Nilipofika Fizi nikakuta Muzungu moja na kamyo. Bantu banamwita Bwana Macho Matatu: mbili ni yake, ya tatu ni mashine ya sinema yenye haachani nayo, hata ku choo nafikiri anaenda nayo. Anatengeneza sinema ya kutisha. Muwindaji anakata muti mu pori ya bazimu, na maiti moja inaamuka, inamufuata pole pole mupaka ku nyumba yake. Bwana alikuwa anatafuta pori ya kuogopesha na muntu wa kuwa maiti. Bantu yote banaangalia chini. Nikasonga mbele: "Bwana, pori ninayo. Na maiti ni mi."

Nilimupeleka kwetu. Yaya, ungeona! Manyumba ilishaanguka, miti imeota ndani, nyani banakaa mahali bazee balikuwa banakatia maneno. Bwana alipiga makofi sawa mutoto mwenye kupewa sukari.

Mavazi yangu ni matumbo ya mbuzi. Siyo mapya! Bwana anataka ikae siku tatu mu ndoo kwanza, juu ikiwa mapya inang'aa vibaya. Nazungushiwa ku shingo, ku kifua, na moja inaning'inia hapa ku sikio sawa hereni zako. Halafu mawese yenye kuchacha, halafu unga wa muhogo ku uso. Mainzi inatoka mupaka Kilembwe kuja kunisalimia. Jana moja iliingia mu pua, nikaipenga, ikatoka imekufa. Harufu iliiua. Imbwa ya karani wa hapa Fizi inanifuata ikiramba visigino. Nikipita mu kijiji banamuke banaacha ndoo na kukimbia, na mi nabaita kwa majina yao.

Kaburi ya mama nitaenda kesho kutwa, nikipata nafasi.

Anayebeba hii barua ni Rugema wa Bibokoboko, mwenye kushusha ng'ombe ku soko. Alikataa kuipokea na mukono. Ilibidi nitupe mu kikapu chake.

Mudogo wako, maiti namba moja ya Kongo yote,
Anatole Wilondja
Kilasi ya ine, karibu ya tano

~

Baraka, tarehe 18 mwezi wa saba 1956

Anatole,

Barua yako inanuka. Sisemi mufano. Nilipoifungua, kuku balikuja mbio. Nilienda kuisomea inje, mbali na bugali.

Kazi ya nyavu ulishindwa, kazi ya duka ulishindwa, sasa umepata kazi ya kuoza. Hongera. Jacques alicheka mupaka akakaa chini. Mi sikucheka. Baba nilimusomea tu pale unasema uko muzima na unakula.

Sikia vizuri, weka masikio ya muntu kwanza, ya maiti baadaye. Ndoa ni tarehe 25 mwezi wa nane. Bakwe bameshakuja mara mbili, na mara mbili Baba amebaambia, "Mwenye alimuzaa hajala bado. Mi sitamutoa." Unajua miguu yake imekataa tangu Pasaka. Angeweza kupanda, hangekutuma we. Kila asubuhi anauliza mbele hajanawa uso: "Anatole ameshamwambia mama yenu?"

Nakukumbusha hata kama unajua yote, juu ulikuwa na miaka mitano tu wakati Serikali ilitushusha ku barabara. Makaburi iko upande wa muto, kumi na ine. Ya mama iko chini ya ile mukuyu kubwa. Sahani yake imefunikwa juu ya udongo: ya bati, nyeupe, na samaki ya bluu katikati. Baba aliitoboa na musumari siku ya mazishi, sawa banavyotoboa vyombo vya kila marehemu, juu muzima asile tena mu hiyo. Ukingo umemegeka mahali moja. Ni mi niliiangusha ku jiwe, na mama akanipiga na mwiko, halafu akanipa ukoko nisilie.

Unaigeuza, unatia unga, unaongea, unafagia, unarudi. Usiitoe pale. Sahani ndiyo alama yake; ikitoka, marehemu anabaki sawa mugeni mwenye hakuonyeshwa mahali pa kukaa.

Rugema anapitia kwanza kwao Bibokoboko, hii barua itachelewa. We usiingoje. Enda.

Yaya wako,
Pulchérie

~

Fizi, tarehe 26 mwezi wa saba 1956

Yaya,

Barua yako haijafika. Labda umeshaolewa bila mi na unaogopa kusema. Haizuru, nitakuelezea sifa zangu, we utahadithia Jacques.

Ya kwanza ni jembe. Bwana Macho Matatu anataka mashine yake ikae ku kigari, kigari itembee juu ya mbao, nifuatwe nikitembea. Lakini upande wa muto kuna vituta-vituta, makaburi ya bantu ya zamani, sijui ya nani, kigari inaruka sawa chura. Siyo upande wa mama, usishike kichwa! Mama iko nyuma ya nyumba ya nyanya, ku migomba, nakumbuka kabisa. Bantu ya kazi banaogopa kugusa. Nikasema, leteni jembe. Nilivihesabu, kumi na ine, na mbele jua haijasimama katikati nilikuwa nimevilima yote, peke yangu. Mahali pakawa sawa meza ya padri. Vyungu vyenye kupasuka na mabakuli nilitupa ku muto. Halafu kulikuwa mukuyu moja kubwa yenye kuzuia jua. Bantu sita, siku mbili na musumeno. Pigo ya mwisho ya shoka ilikuwa yangu, na muti ikalia sawa muntu.

Ya pili, yaya, usiisome ukiwa unakula.

Bwana akasema: maiti lazima ile. Nile nini? Matumbo. Ya siku ine, siyo tatu. Ndoo ilipofunguliwa, ndani kulikuwa kunachemuka bila moto. Funza, yaya, nene, nyeupe, sawa muchele wenye kujua kutembea. Bwana akauliza kama kuna chombo. Nikakumbuka sahani moja nilibakisha kati ya vile vyombo, yenye kutobolewa, na udongo ya miaka. Nikaifuta na suruali. Kuna kitu ya bluu katikati, ndege ao jani, sikuangalia. Nikachota, nikafungua kinywa mbele ya mashine, nikala. Kweli nilikula! Inateleza kwanza, halafu inapasuka. Bwana akasema, mara ingine. Nikala. Mara ya tatu nikaramba sahani mupaka ukingo, na supu yake ikapitia ku tundu, ikanishuka ku tumbo. Karani mwenye kuwa muwindaji alitapika, kutapika kwa kweli, na Macho Matatu akaitia mu mashine akifurahi.

Tangu pale kila kitu nakula kina ladha moja. Hata maji. Haizuru, itapita.

Na habari njema iko mwisho: kaburi ya mama nimeshafagia, unga nimetia, nimeongea naye. Amekubali. Sema Baba atulie. Mufunge ndoa, na munichinjie mbuzi, lakini matumbo mukule benyewe.

Mufalme wa bamaiti,
Anatole

~

Baraka, tarehe 3 mwezi wa nane 1956

Mudogo wangu,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu nilisoma na kidole.

Kumi na ine. Upande wa muto. Mukuyu. Sahani yenye kutobolewa na kitu ya bluu.

Barua yangu naamini imekufikia sasa, Rugema anasema alikupa mu mukono. Kwa hiyo unajua juu ya nini nauliza. Niambie ni sahani ingine. Niambie bantu bengine pia balikuwa na bati nyeupe na bluu, Baswahili ba duka balikuwa bakiuza nyingi wakati ule. Niambie nyuma ya nyumba ya nyanya uliona samaki na macho yako.

Baba sikumusomea yote. Nilisoma ule mustari wa mwisho: "Nimefagia, unga nimetia, amekubali." Anatole, alilia. Halafu akaomba bugali, akaomba tena ya pili, na ndagala juu. Mwezi muzima alikuwa anakula sawa kuku. Jioni aliita bakwe mwenyewe, akabaambia, "Sasa mulete mbuzi."

Sasa mi nifanye nini na hii barua yako? Nimeificha mu mutungi wa muchele, na kila nikienda kuchota muchele naona funza.

Jibu haraka. Neno moja tu linanitosha.

Pulchérie

~

Fizi, tarehe 9 mwezi wa nane 1956

Yaya,

Ni sahani ingine.

Ya mama iko mahali pake, na samaki iko. Nimeiona vizuri. Unajua mi na macho yangu.

Kwa ndoa sitafika, Bwana ananihitaji. Salimia shemeki Jacques. Ananuka mbao, ni harufu muzuri, usiache.

Anatole

~

Baraka, tarehe 10 mwezi wa tatu 1957

Kwa Anatole, popote uko. Rugema anasema uko Kilembwe, unalimia bantu mihogo, na umenyamaza. Sikuamini kama ni we.

Siku ya posho, ile Jumamosi, Bwana Macho Matatu alikuja Baraka na kamyo. Alitundika shuka kubwa ku ukuta wa soko, na giza ilipoingia akawasha mashine. Baraka yote ilikuja, mupaka bantu ba Makobola. Jacques na kaka zake balimubeba Baba ku kiti, bakamuweka mbele kabisa. Baba alitaka hivyo. Alivaa ile shati nyeupe ya ndoa yangu. Alikuwa anaambia kila muntu: "Ule maiti ni wangu. Mi nilimuzaa."

Ulipotoka mu pori na matumbo yako, bamama balipiga kelele, batoto bakajificha mu nguo. Baba alicheka mupaka akakohoa. "Angalia anavyovuta muguu! Ni mi ule, mi mwenyewe!" Mi pia nilicheka. Mimba yangu ni ya miezi mitano, cheko inaniumiza, lakini nilicheka.

Halafu ukaanza kula.

Mashine ilisogea karibu. Sahani ikawa kubwa sawa mulango. Ulikuwa unaramba, na pale ulimi wako ulipopita, uchafu ukatoka, na samaki ikatokea. Mukia, halafu jicho. Halafu ukingo, na ile pengo yangu.

Bantu balikuwa banatapika na kucheka. Baba akasimama. Kwa ile miguu, Anatole. Hakuomba mukono ya muntu. Alitembea mupaka ku shuka na akaweka mukono pale. Bantu bakapiga kelele, "Muzee, kaa chini, unatuzibia!" Hakusikia. Picha ilimuangukia. Samaki ya mama ilikuwa ku mugongo wa ile shati nyeupe, na kinywa chako ilikuwa inatafuna ku kichwa chake. Nilienda kumushika na nikaona funza zinapita ku mukono yangu pia, za mwangaza tu. Nilifuta na nikafuta.

Ku nyumba alisema neno moja: "Mutoto amekula mu sahani ya mama yake." Halafu akaniangalia. "We ulijua?"

Nikasema nilikuuliza. Nikasema ulijibu. Akasema, "Sikuuliza alijibu nini. Nimeuliza kama ulijua." Nilijua, Anatole. Niliolewa nikijua. Nilivaa viatu nikijua, na nilikula ile mbuzi. Sasa kila kitu natapika, bamama banasema ni mimba, na mi naacha baseme hivyo.

Siandiki kukutukana. Baba ameamua: kisha Pasaka, Jacques na kaka zake batamupandisha ku kipoyi, kiti chenye kubebwa ku mabega, njia yote, mupaka kule mu pori. Anataka kumulisha mama mwenyewe na kumuomba musamaha, mbele huyu mutoto hajazaliwa. Anasema akifika pale na kuweka unga, hata akifia njiani akirudi, haizuru.

Na anakuomba kitu moja tu, anakuomba, hakuamuru: tangulia, urudishe sahani mahali pake, asikute kaburi wazi.

Kitu moja. Uifanye.

Pulchérie

~

Fizi, tarehe 2 mwezi wa ine 1957

Yaya,

Nilianza hii barua mara ine, na kila mara mukono iliandika sifa. Nilikuwa nimeandika eti Kilembwe yote hakuna mwenye kulima kama mi. Nikapasua. Nilikumbuka ni nini nililima.

Barua yako ya kwanza, ile ya samaki, Rugema alinipa siku ine kisha nimekula. Niliisoma kwa sauti hapo hapo mbele yake. Nilikimbia ku kamyo ya Bwana, ku sanduku ya vitu vya sinema, nikakuta sahani imelala pale, matumbo imekaukia juu, mainzi imetaga. Nikakwangua na ukucha. Jicho ya samaki ikaniangalia. Rugema alikuwa nyuma yangu. Alikuwa na kibuyu cha maziwa, alikuwa anataka kunipa, akakiziba, akaenda. Mupaka leo tukikutana ananisalimia, lakini kile kibuyu hajakifungua tena mbele yangu, na ana haki.

Sahani niliiba. Bwana aliitafuta, nikasema imbwa ilibeba. Nimeiosha na muchanga, na majivu, na ndimu. Nimeiosha kila siku ya Mungu tangu ule mwezi. Inang'aa, yaya, ungejiona ndani. Ni mi nanuka. Wa Kilembwe banasema hapana, sinuki. Lakini nikileta bugali ku kinywa inaanza kutembea.

Na ile siku niliandika eti nimefagia na mama amekubali: nilienda kweli. Nyuma ya nyumba ya nyanya, ku migomba, mahali nilikuwa nakumbuka. Kulikuwa kituta. Nilifagia, nikatia unga juu, nikasema Pulchérie anaolewa. Sahani sikuona, nikasema nyani balibeba. Nilikuwa na haraka, kamyo ilikuwa inapiga honi. Niliporudi kisha barua yako, unga ilikuwa imebebwa yote na musururu wa mchwa. Kilikuwa kichuguu. Mutoto wa miaka mitano hakumbuki kaburi ya mama yake, yaya. Anakumbuka migomba tu.

Nimepata habari ya Baba na shati, na niko hapa Fizi. Nimeshapanda kule mara tano na sahani mu shati yangu. Kazi Baba ananiomba ni ndogo, mutoto mudogo angeiweza. Kisiki ya mukuyu iko, niliiona. Lakini mukuyu ilikuwa kubwa, kivuli yake ilifunika makaburi tano, na tano yote nililima, na vyombo vya wale wengine nilitupa ku muto. Ni sawa meza. Nilijipiga sifa, "sawa meza ya padri." Majani imeota, haina kituta, haina jiwe. Bazee ba hapa nimebauliza. Banasema, "Alama ilikuwa sahani. Nani aliitoa?"

Nimeiweka mahali ya kwanza, nikakaa. Nikaitoa, nikaweka ya pili. Mupaka ya tano. Nilifikiri nitasikia kitu. Mi mwenye kuwa muzimu ya sinema mwezi muzima, nilifikiri bale ba kweli batanihurumia hata na upepo. Hakuna. Ni mainzi tu ilikuja, na nilikuwa nimeoga.

Barua zangu zote ulimusomea Baba mustari moja moja. Hii, musomee yote, mbele hamujamupandisha ku kipoyi.

Juu mukifika, sahani atakuta. Nitakuwa nimeiweka chini ya kisiki, imefunikwa, muzuri. Atashuka na miguu yake ile, ataigeuza, atatia unga, ataongea na mama. Na mi nitakuwa nimesimama nyuma yake, sijui ni nani iko chini.

Anatole